Ua Lililoachwa Nusu

Lifti zote mbili za jengo lile ziligoma siku moja, tena saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamejazana ukumbini kama wanagawiwa kitu cha bure. Wenye suti walitazama saa zao. Wenye viatu vya visigino walitazama ngazi wakaguna. Katikati yao alisimama mwanamke mwenye gauni la kijivu na kilemba cheupe, mikononi ana boksi lisilo na kifuniko, kwa kuwa kilichomo kilikuwa kirefu kuliko boksi lenyewe. Kilichomo kilikuwa ua.

Lilikuwa keki, lakini ungehitaji kuambiwa. Petali zake, za pinki iliyopauka, zilizunguka kitovu cha manjano, nyembamba hata mwanga ukapenya, na kingo zake zilijikunja kidogo kama zimechanua asubuhi ile ile. Mlinzi alikuwa ameacha mlango wake kuja kulitazama.

Mlango wa lifti moja ulikuwa wazi, na kutoka shimoni kilichomoza kichwa cha mwanamume chenye kofia ngumu na uso uliopakaa grisi.

"Dada, usisogee tena," alisema. "Ukitumbukia humu na hiyo keki nitalia sana, na sitakuwa nakulilia wewe."

"Inapona saa ngapi?"

"Ikijisikia."

"Nasubiriwa ghorofa ya nane."

Fundi lifti alimtazama yeye, akatazama ua, akatazama ngazi. Akapanda kutoka shimoni, mrefu kuliko alivyotarajiwa, ovaroli yake ya bluu imefika juu ya vifundo vya miguu. Alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Shika huku, nishike huku. Twende."

"Shika chini tu. Na usiipumulie."

"Nisifanye nini?"

"Petali ni za karatasi. Karatasi ya kuliwa. Ikipata unyevu inalegea, na pumzi ya mtu ina unyevu."

"Kwa hiyo nipande ghorofa nane bila kupumua."

"Pumulia pembeni."

Basi walipanda, mwanamke mbele akirudi kinyumenyume, fundi nyuma, shingo ameigeuza upande kama mtu anayekataa kupigwa picha. Ghorofa ya nne uso wake ulikuwa umeiva. Ghorofa ya sita alipumua kwa kishindo dirishani, na wafagizi wawili waliokuwa kwenye ngazi wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwanamke hakucheka. Alisubiri, akasema, "Tayari?" wakaendelea.

Juu kabisa, keki ilipopokelewa na watu wakapiga makofi, fundi alijiegemeza ukutani.

"Wewe huwa hucheki?"

"Nacheka ndani."

"Huko ndani ni mbali?"

Swali lilikuwa la utani, na mwanamke angeweza kulijibu kwa utani. Badala yake alilifikiria, akaona hajui, akasema, "Asante kwa kunisaidia." Akashuka ngazi. Fundi alibaki ameshika kipande cha boksi kilichomchanikia mkononi, kimeandikwa jina la duka na namba ya simu, naye hakukitupa.

Simu ililia keshoye asubuhi.

"Halo, Keki."

"Nani mwenzangu?"

"Yule uliyemnyima hewa."

"Ah. Lifti imepona?"

"Imepona. Mimi ndiye bado. Mapafu yananiambia nidai fidia."

"Fidia ya nini?"

"Kikombe cha chai. Na unikalie mbele nikiwa nakinywa, nipumue ninavyotaka."

"Sawa," alisema Keki, na kuanzia hapo jina hilo likamkaa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye kabati la vioo, na jiko la nyuma lenye oveni mbili, meza ndefu ya chuma na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama yake ndiye aliyelianzisha, na alikuwa amefariki mwaka uliopita. Siku hizi walikuwa wawili: yeye nyuma, na mama yake mdogo mbele, mwanamke mnene wa magauni yenye rangi za kupiga kelele na mdomo usio na breki. Fundi lifti alipoingia mara ya kwanza, ameoga, shati limepigwa pasi mpaka mistari inakata, mama mdogo alimkagua kuanzia juu hadi chini.

"Wewe ndiye unayepandisha watu?"

"Na kuwashusha, mama."

"Huyu wangu usimshushe. Pita ndani, mkwe."

"Mama mdogo!" ilisikika sauti kutoka jikoni.

"Nimesema nini? Nimesema pita ndani."

Akapita ndani, na akawa mtu wa kupita ndani. Alikuwa akija jioni akitoka kazini, anakaa kwenye stuli karibu na friji, anasimulia habari za lifti zake: bwana aliyekwama akaanza kutubu kwa sauti, bibi harusi aliyekwama na shela mlangoni. Keki alimsikiliza huku mikono ikifanya kazi, na taratibu mikono ya fundi nayo ikapata kazi. Alifundishwa kukata karatasi kwa mkasi, umbo la tone la maji. Aliona jinsi petali moja inavyopitishwa juu ya mvuke wa birika, haraka, maana ikizidi inayeyuka na ikipungua inavunjika. Ikilainika una muda wa kupumua mara chache tu: uilaze kwenye kiganja, uibonyeze katikati kwa mgongo wa kijiko, uzungushe kingo kwa kijiti, kisha uiweke kwenye trei ya mayai ikauke na umbo lake. Baadaye zinagandishwa kwenye keki moja moja kwa chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa, kutoka katikati kwenda nje.

"Na ukiiacha kabla hujaikunja?"

"Inakauka bapa. Hairudi tena. Unaitupa."

"Una roho mbaya na karatasi."

"Karatasi ndiyo yenye roho mbaya."

Keki alimpenda. Mimi nasema hivyo, maana mimi naona kote kuwili. Yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Aliona kwamba ni mtu mzuri, mpole, mwenye kucheka. Aliyaona hayo kama mtu aliyeshiba anavyoona chakula kizuri mezani. Siku asipokuja, jiko lilikuwa kubwa zaidi. Alilijua hilo kwa sababu alijikuta anatembea sana kutoka meza mpaka oveni. Moyoni hakusikia kitu cha kukitaja kwa jina.

Fundi yeye alikuwa amekwisha. Alipiga simu akiwa juu ya paa za majengo, upepo ukimmezea maneno.

"Keki, unanisikia?"

"Nakusikia nusu."

"Nusu gani?"

"Ya mwisho."

"Basi umekosa ile tamu. Ya mwanzo nilisema nakupenda."

"Shuka kwanza huko juu."

"Nikishuka utaniambia na wewe?"

"Shuka, Fundi. Utaanguka."

Alilichukua hilo kuwa jibu, kama wapenzi wanavyochukua chochote wanachopewa.

Ilikuwa siku ya mvua, duka halina wateja, mama mdogo amesinzia nyuma ya kabati la vioo, ndipo fundi aliposimama kutoka kwenye stuli. Alikuwa amevaa koti. Keki alikuwa na birika mbele yake na petali mkononi, na tangu maji yachemke alikuwa hajainua macho.

"Nataka tuoane," alisema fundi.

"Sawa."

Birika lilikuwa linatoa mvuke. Petali ilibonyezwa, ikakunjwa kingo.

"Umesema sawa?"

"Ndiyo, sawa. Nisogezee hiyo trei."

Fundi alisogeza trei. Alisubiri uso ule ubadilike, hata kidogo, hata pembe moja ya mdomo. Ulibaki vile vile, mzuri, umetulia, unatazama karatasi. Mama mdogo, ambaye usingizi wake ulikuwa wa sikio moja, alitokea mlangoni akapiga kigelegele kilichomshtua mpita njia, na ndiye pekee aliyefurahi mle ndani kama inavyotakiwa. Fundi alicheka naye. Alipotoka nje kwenye mvua alikuwa amechoka, kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega lake lote akakuta uko wazi na hakuna mtu.

Usimlaumu Keki kabla hujajua, na hapa inabidi nikwambie jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku mama yake alipofariki, yeye alikuwa mezani pale pale. Ilikuwa keki ya harusi, ua jeupe, mwenye harusi anakuja kulichukua alasiri. Hospitali alikuwapo mama mdogo, wakipeana zamu, na hali ya mgonjwa ilikuwa imetengemaa. Simu ililia, mama mdogo akalia upande wa pili, akasema, "Dada yangu ameondoka." Keki alisema, "Sawa." Alisema, "Nakuja." Kisha, kwa kuwa alikuwa na petali iliyokwisha kulainika mkononi, aliikunja kabla haijakauka. Halafu akachukua nyingine. Alimaliza ua lote. Alilipanga, akalifuta vumbi la sukari kwa brashi laini, akalikabidhi kwa bwana harusi, akapokea shukrani, akafunga duka, ndipo akaenda hospitali.

Mama mdogo alidhani aliyemchelewesha ni foleni barabarani. Msibani watu walimwona akipika chai, akipanga viti, macho makavu, wakasema mtoto huyu ni jasiri. Yeye alingoja. Alidhani kilio kiko njiani, kama mgeni aliyechelewa basi. Hakikufika. Wala furaha haikufika tena, wala hasira, wala hamu ya kitu chochote. Alikula, akalala, akafanya kazi nzuri. Ndani alikuwa amekufa ganzi.

Mama yake fundi alikuwa mwalimu, na Jumamosi iliyofuata aliandaliwa sherehe ya kustaafu nyumbani kwake. Fundi aliomba keki ya ua, na akaomba mwenye keki aje, akatambulishwe.

"Nije nimevaa nini?" Keki aliuliza kwenye simu.

"Njoo umevaa uso wa mtu anayeolewa."

"Huo sina. Nina gauni la njano."

"Basi lete la njano," fundi alisema, akacheka, lakini kicheko kilikatika mapema.

Ua lile lilimchukua siku nzima. Lilikuwa la rangi ya chungwa, petali za nje pana kama viganja, za ndani ndogo kama kucha. Fundi alilifuata mwenyewe asubuhi, akalipakia garini, akaendesha polepole mpaka madereva wakampigia honi mji mzima, na alikuwa anapumulia dirishani. Nyumbani kwa mama yake palikuwa na joto. Alijiambia: krimu, joto, itaharibika. Mtu wa mitambo yeye, akaona jibu liko wazi. Alitoa vinywaji vyote kwenye friji, akaliweka ua humo, akafunga mlango kwa upendo wote alionao.

Keki alikuwa amemwonya kuhusu pumzi. Kuhusu friji hakumwambia, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kujulikana tu, kama moto kuunguza. Hakuna mahali penye unyevu kama ndani ya friji.

Alipofika mchana na gauni lake la njano, mama mdogo akimsindikiza kwa kanga za manukato na hereni kubwa, wageni walikuwa wamejaa uani. Fundi alimshika mkono, akampeleka jikoni, akafungua friji kwa mbwembwe.

Petali zote zilikuwa zimelala. Zilining'inia kwenye keki kama nguo zilizonyeshewa kambani, rangi imechuruzika mpaka kwenye sahani, na kitovu kimezama.

"Mungu wangu," alisema fundi. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Keki alitazama. "Haidhuru," alisema. "Nipe kisu na sahani."

Akaanza kubandua petali moja moja, akizitupa kwenye ndoo ya taka, vidole havitetemeki. Alisawazisha krimu, akafuta sahani, akaibeba keki tupu, nyeupe, akaiweka mbele ya mwalimu mstaafu. "Karatasi zimeharibika, mama, lakini keki ni nzima." Mwalimu alimshukuru, akamsifu kwa utulivu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, na utulivu ule ndio uliomkata maini.

Alimvuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo.

"Nimeharibu kazi yako. Mbele ya mama yangu, mbele ya watu. Na unaniambia haidhuru?"

"Unataka nikwambie nini?"

"Nitukane! Niite mjinga! Vunja hata sahani!"

"Sahani za mama yako?"

Hakukusudia kuchekesha, na fundi hakucheka.

"Nilikuomba tuoane, ukanijibu kama nimeagiza mkate. Nikasema labda ana haya. Labda ana kazi mkononi. Lakini hii..." Alifuta uso wake kwa mkono wa shati. "Na nikifa je, Keki? Nikianguka kwenye shimo la lifti wakupigie simu, utasema haidhuru?"

Keki alitaka kumjibu. Alilitafuta jibu kwa bidii, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha giza. Angeweza kudanganya, na wengi wangedanganya. Akasema kweli:

"Sijui."

Fundi alilisikia neno hilo kama mtu anayependa anavyolisikia: kwamba hapendwi. Alitikisa kichwa mara nyingi, akasema, "Basi nimeelewa," na hakuwa ameelewa.

Kampuni yake ilikuwa inamtaka aende mji mwingine, mbali, kufunga lifti kwenye majengo mapya, kazi ya mwaka mzima au zaidi. Alikuwa amekataa kwa sababu ya jiko moja lenye stuli karibu na friji. Jumatatu yake alikubali.

Simu haikulia tena. Keki alioka, akapamba, akakabidhi. Mama mdogo alivumilia kimya kwa muda ambao kwake ulikuwa rekodi, kisha akaja jikoni na mikono kiunoni.

"Umegombana na mkwe."

"Sikugombana. Yeye aligomba."

"Kwa nini?"

"Anataka nikasirike."

"Na wewe?"

"Na mimi nataka. Sipati."

Mama mdogo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Mwanangu, tangu dada yangu aondoke, mimi nalia kila nikisikia harufu ya vanila. Nalia bafuni, nalia kwa wateja. Wewe hata mara moja. Nilidhani una nguvu."

"Ndivyo watu walivyosema."

"Sisi watu tunasema mengi." Akasita. "Mpigie yule kijana."

"Nimwambie nini?"

Mteja aliingia, mama mdogo akaenda kumhudumia.

Siku fundi aliposafiri ilikuwa ya jua, siku nzuri kwa karatasi. Keki alikuwa na oda ya siku ya kuzaliwa, ua la zambarau, la kuchukuliwa saa tisa. Nusu ya petali zilikuwa zimeshasimama kwenye keki, nusu bado ni karatasi bapa mezani. Birika lilikuwa linachemka. Simu ililia, akaipokea, akaibana kwa bega.

"Keki. Ni mimi."

"Fundi."

"Niko stendi. Basi linaondoka saa nane. Nilisema niondoke kimya, nikashindwa. Nakuaga tu."

"Unaenda wapi?"

Akamtajia. Ulikuwa mwendo wa kutwa.

"Kwa muda mrefu?"

"Muda mrefu. Jitunze, Keki. Umsalimie mama mdogo."

"Sawa," alisema. "Safari njema."

Simu ikakatika. Mkononi alikuwa na petali iliyolainika kwa mvuke, na kijiko kilikuwa hapo karibu, akakichukua.

Hakukitumia.

Alisimama hivyo, kijiko hewani. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema sawa. Aliisikia ilivyokuwa safi, haina mkwaruzo, ile ile. Alijiona anavyoikunja hii, na ijayo, na ijayo, mpaka ua liishe, mpaka mteja ashukuru, na saa hiyo basi litakuwa limeshafika mbali. Hakusikia uchungu wowote. Ila mkono uligoma. Aliuamuru, ukakataa, na petali aliyoishika ikakauka bapa kwenye kiganja chake.

Akazima birika. Akapita mbele ya mama mdogo na aproni yake, unga kwenye nyusi, vumbi la sukari kwenye viatu.

"Unakwenda wapi? Mwenye keki anakuja saa tisa!"

"Najua."

"Imekwisha?"

"Bado."

Mama mdogo alitaka kupiga kelele, akamtazama usoni, akafungua droo akampa hela ya teksi bila kuhesabu.

Stendi ilikuwa imejaa mizigo, wapiga debe na watu wanaokumbatiana. Alimwona fundi kwa urefu wake, mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya basi, shati lile lenye mistari ya pasi. Alimwita. Sauti haikutosha. Akaita tena, kwa nguvu ambayo hakuwa ameitumia mwaka mzima, na watu kadhaa wakageuka pamoja na yeye.

Fundi alishuka. Alimtazama aproni, akamtazama nyusi.

"Ulikuwa kazini? Umeacha keki?"

"Nimeacha."

"Umeimaliza?"

"Nimeiacha nusu."

Yeye alikuwa amekaa kwenye stuli ile jioni nyingi. Alijua kwamba Keki huwa haachi ua nusu, si kwa mvua, si kwa homa, si kwa umeme kukatika. Akaweka begi chini.

"Nisikilize kabla hujaongea," alisema Keki. "Siku mama yangu alipokufa nilimaliza ua. Walinipigia simu nikiwa na petali mkononi, nikasema sawa, nikamaliza ua lote, nikalikabidhi, ndipo nikaenda kumwona. Sijamwambia mtu. Tangu siku hiyo sijisikii. Sijalia. Uliponiomba tuoane nilikuwa nataka, Fundi, nilikuwa nataka, lakini ni kama mtu mwingine ndiye anayetaka, yuko chumba cha pili. Uliniuliza nikasema sijui. Ni kweli sijui. Leo umeniaga nikasema sawa, na nikashika kijiko." Alikunja kiganja. "Nikashindwa kuendelea. Hiyo tu ndiyo niliyonayo. Nimekuletea hiyo."

Machozi yalikuwa yanamshuka fundi waziwazi, mwanamume mrefu hivyo, katikati ya stendi, na hakuyafuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa unasimulia habari za lifti."

Hapo fundi alicheka na kulia kwa pamoja, akamvuta akamkumbatia, unga ukahamia kwenye shati. Na Keki, uso wake umebanwa kwenye kifua kile kinachotikisika, alihisi kitu. Kilianza kidogo, chini ya mbavu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kuamka, vile vichomi vinavyomfanya mtu asijue akanyage au asikanyage. Kikapanda.

"Inauma," alisema.

"Nimekubana?"

"Hapana. Inauma. Usiniachie."

"Sikuachii."

"Fundi, inauma sana."

"Najua, laazizi. Wacha iume."

Kondakta alipiga kelele za mwisho. Fundi alimpungia mkono aende, na basi likang'oka na sanduku lake la vifaa tumboni. Alisema atalikuta huko kesho, au keshokutwa, au watu wa huko wapande ngazi kwanza.

Simu ya Keki ililia mfukoni mwa aproni. Ilikuwa mama mdogo, na sauti yake ilijaza stendi nzima.

"Mwanangu! Mwenye keki amefika kabla ya saa, yuko hapa mbele yangu, ameona ua nusu, amekasirika kama nini! Nimwambie nini huyu mtu?"

Keki alifungua mdomo. Maneno yalitoka yamevunjika, yenye maji, sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Mwambie anisamehe," alisema. "Mwambie nimefiwa na mama yangu."

Mama mdogo akasema polepole, "Ndiyo, mwanangu. Nitamwambia," akaanza kulia, na safari hii walilia wote wawili.